Miaka Sita Bila Kuchuchumaa

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sijivunii. Nikiona unywele kwenye ugali, siku hiyo sili tena. Jirani akikohoa kohozi asubuhi upande wa pili wa mabati, chai inanirudi kooni. Mume wangu husema nilistahili kuzaliwa Ikulu. Badala yake nilizaliwa Vihiga, nikaolewa na mtu anayefanya kazi Ruiru, na kwa miaka kumi na moja sasa tunaishi Kiuu, humo humo Ruiru, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili yenye choo kimoja cha shimo. Kwa hiyo nikieleza habari za goti langu itabidi nieleze na za choo. Anayekula amalize kwanza.

Goti liliumia miaka tisa iliyopita, katika jambo la kipuuzi. Akina mama wa kanisa letu tulialikwa Thika kwa siku ya michezo, maana siku hizi hata kanisa limegundua kwamba akina mama wana presha na wanahitaji kukimbia. Tulivaa sketi ndefu, vitambaa vya kichwa na raba za kuazima. Kwenye kuvuta kamba nikawekwa mwisho kabisa, kamba ikazungushwa kiunoni, kwa sababu mtu wa mwisho hutakiwa awe mzito na hakuna aliyehitaji kutafuta mzani. Wapinzani walipoteleza, wenzangu wote walirudi nyuma kwa pamoja, wakanijia. Kisigino changu cha kulia kilikuwa kimezama kwenye tope. Mwili uligeuka, mguu ukabaki. Ndani ya goti kitu kikalia pa, kama kijiti cha kuwashia moto kikivunjwa.

Tulishinda. Tulipewa beseni kila mmoja, na langu nililipokea nikiwa nimelala chali, mama mmoja akinivuta mguu eti unyooke, mwingine akinimwagia maji ya kunawa mikono, yenye mafuta ya pilau yakielea juu. Hadi leo nayakumbuka yale maji kuliko maumivu, na najua hiyo ni kasoro.

Daktari wa Thika alitazama picha akaniambia kano ya katikati ya goti imekatika. Alinieleza kwamba kano ile haijishoni yenyewe. Kuna wanaofanyiwa upasuaji, na kuna wanaoishi bila hiyo kano maisha yao yote, mradi nyama za paja ziwe imara kiasi cha kufanya kazi yake. Uvimbe ukiisha, alisema, nirudi nianzishwe mazoezi. Nilimwitikia vizuri sana. Uvimbe ulipoisha, sikurudi. Nilijiambia kwamba mtu asiyelia hahitaji kubembelezwa, na goti lilikuwa limenyamaza.

Nilichofanya ni kile ambacho kila mtu wa ploti yetu angefanya: nilipelekwa Mwiki kwa mama mmoja anayechua. Alikuwa bibi wa Kikuyu mwenye vidole gumba vipana, na mafuta yake ya mbuzi aliyahifadhi kwenye mkebe wa kakao. Mafuta yale yalikuwa yameoza zamani. Yalikuwa ya kijivu, na ndani yake mlikuwa na nywele, sijui za mbuzi au za wagonjwa walionitangulia. Aliyapasha kwenye kiganja, akanipaka hadi pajani, akaanza kutafuta kitu ndani ya goti kama anayetafuta sarafu kwenye pindo la koti.

"Haiya, hapa maji ya goti imeisha," akasema. "Si unaskia vile inasaga? Utakunywa supu ya kwato. Na bamia. Ile kitu inateleza ndio inarudisha maji."

Nikanywa supu ya kwato miezi mitatu. Mtu akiniuliza kinyaa ni nini nitampa bakuli ile: kile kigamba cheupe kinachotikisika, kile kijinywele kimoja kilichoponea moto, na mafuta yanayoganda mdomoni ukikawia kumeza. Niliziba pua nikanywa, kwa imani kwamba utelezi wa ng'ombe ungepita tumboni, ushuke pajani, upinde kona na kuingia gotini. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne. Nilijua tumbo liko wapi na goti liko wapi. Lakini supu haikunitaka nifanye lolote zaidi ya kumeza, na hapo ndipo ilipolishinda lile zoezi la daktari.

Mwaka wa pili baada ya kuumia nikaenda nyumbani kumwona mama. Mama yangu ni mjane, anaishi peke yake, na choo chake ni safi kuliko nyumba za watu. Kila asubuhi anakifagia na kumwaga majivu. Siku ya pili, asubuhi, nikaingia nikachuchumaa. Nilipotaka kuinuka nikageuka kidogo kutafuta pa kushika, na goti likatoka. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye halijamtoka. Mfupa wa chini unateleza mbele ya ule wa juu, na kwa sekunde moja mguu si wako. Nikaanguka ubavu. Mkono wa kulia ukaingia kwenye tundu hadi kwenye kiwiko.

Shimo lilikuwa limekaribia kujaa. Sitaeleza zaidi.

Hakuna aliyeniona. Nilijiosha nyuma ya nyumba kwa sabuni ya kipande, nikasugua kwa majivu, nikasugua kwa mchanga, hadi ngozi ikachubuka. Mama alipouliza kwa nini mkono umekuwa mwekundu nilisema upupu. Mchana akanipikia kuku, na mkono ule ulikuwa lazima uguse ugali, kwa sababu kwetu mtu hali kwa kijiko mbele ya mama yake kama mgeni. Nilikula kwa mkono ule. Nilitabasamu na kumeza na kila tonge nilihisi limetoka kule chini. Kesho yake nikasema nimeitwa kazini, nikarudi Ruiru.

Sikwenda tena miaka sita.

Mume wangu, ambaye ana moyo mzuri na hana kinyaa hata chembe, aliamua kunisaidia. Alinunua kiti cha plastiki cha kijani, akapasha kisu kwenye jiko hadi kikawa chekundu, akakata tundu kwenye makalio ya kiti. Moshi wake ulinuka hadi barabarani. Nikawa nakibeba kiti mbele ya majirani wote, naingia nacho chooni, nakiweka juu ya shimo, nakaa kama malkia. Natoka nacho, nakisafisha kwa dawa ya kuua vijidudu, nakirudisha. Mwanzoni nilikiacha nje mlangoni kikauke. Wiki ya pili nilikikuta kimelowa, na si kwa maji. Kumbe nusu ya ploti walikuwa wameona kwamba kukaa ni kutamu. Keateka wetu, msimamizi wa ploti, alipoulizwa akajibu bila haya, "Si ni kiti tu, mama. Tunakaliaga zamu."

Tangu siku hiyo kiti kikalala ndani. Chumba chetu ni kimoja. Kitanda, jiko la gesi, sufuria, kabati la vyombo, na kile kiti chenye tundu kikitutazama tukila. Kiwandani, nilikokuwa nikishona mifuko ya suruali, choo kilikuwa cha kuchuchumaa pia, kwa hiyo sikunywa maji kutoka alfajiri hadi jioni. Kichwa kiliuma kila siku saa nane. Niliona ni bei ya kawaida.

Tatizo lilikuwa mama. Hapa lazima nieleze mila yetu, kwa sababu asiyeijua atasema si mama angekuja yeye. Kwetu mama mkwe halali kwenye nyumba ya mkwe wake. Hata kuketi humo ni shida, na kutumia choo kimoja na mkwe ni jambo ambalo mama yangu angeona afadhali atembee hadi Thika akajisitiri kichakani kando ya mto Chania. Mimi nikiishi na mume kwenye chumba kimoja, mama hana mahali kwangu. Nisipokwenda, hatuonani. Nilikuwa nalijua hilo kila nilipopiga simu na kusema mwaka huu kazi ni nyingi, mwaka huu mtoto wa shemeji anaolewa, mwaka huu mvua. Mama alikuwa akijibu "sawa" kwa sauti ileile kila mara. Angenikaripia ningepumua.

Na ningemwambia nini? Kwamba choo chake anachokifagia kila asubuhi ndicho kimenifukuza? Kwamba tangu siku ile nikifumba macho nikimwaza, nahisi kiwiko changu kimelowa? Bora anione mwongo.

Mwaka jana goti likaanza kunitoka hata mahali pa tambarare. Nilikuwa navuka barabara ya lami kavu, nimebeba nyanya tu, likatoka. Jioni lilikuwa linavimba, asubuhi limekakamaa, na nikipanda ngazi linasaga kama mchele wenye mawe. Nikarudi Thika. Daktari alikuwa mwingine. Akanituma kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mdogo kiasi cha kuwa mwanangu, ambaye alinilaza, akachukua utepe kama wa fundi wa nguo, akapima paja la kushoto, akapima la kulia. Akapima la kulia tena.

"Mum, huu mguu unautumiaga?" akauliza.

Nikatazama. Kwa kweli sikuwa nimewahi kutazama. Mapaja yangu mawili yalikuwa ya watu wawili tofauti. La kushoto lilikuwa paja la mwanamke anayekula. La kulia lilikuwa limenywea, nyama imelegea, ngozi imejikunja juu ya goti kama soksi iliyopoteza mpira. Nilichukizwa nalo kama vile ni la maiti. Tena lilikuwa langu, na ni mimi niliyelifikisha hapo.

Akaniuliza napanda ngazi vipi. Kwa mguu wa kushoto. Nainama vipi. Kwa mgongo. Nainuka kitini vipi. Kwa mikono. Mwisho akauliza, "Na choo? Ni ya kukaa ama ya shimo?"

Mume wangu alikuwa amenisindikiza na ni yeye aliyejibu. "Mwambie. Mficha uchi hazai." Kisha akamweleza habari za kiti, kwa fahari kabisa, pamoja na kisu na jinsi alivyopima tundu.

Yule dada hakucheka, na hilo namshukuru. Alisema kiti si dhambi, wako watu wanaokihitaji. "Lakini wewe ulikuwa unaweza kupona ukichuchumaa pole pole. Hiyo kano ilienda, na haitarudi. Nyama ndio ilikuwa ishike goti, na wewe ukaipatia likizo. Sasa mifupa inachezacheza, na ile gegedu, ule mto wa katikati ya mifupa, inasagika. Ikiisha, mum, hiyo hatuna ya kurudisha." Nikamuuliza, nikijua jibu, kuhusu supu ya kwato. Akasema supu ni chakula. Miezi mitatu ya kuziba pua, kumbe ni chakula.

Alinipa kazi. Kuinua mguu ulionyooka nikiwa nimelala. Kukaa kwenye ukingo wa kitanda na kuinuka bila mikono. Kitanda kikizoeleka, nihamie kwenye kigoda. Kisha kwenye mtungi wa lita ishirini uliolazwa ubavu. Kisha kwenye matofali mawili, kisha moja. Nipunguze na uzito. Na nisikome, alisema, hata goti likinyamaza, maana likinyamaza ndipo watu hulisahau. Hiyo ya mwisho ilinichoma kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba ndivyo nilivyofanya.

Nilifanya. Sikufanya kwa moyo mkuu, nilifanya nikinuna. Nilikuwa nanuka jasho kwenye chumba kimoja, nikishuka na kuinuka, mume akihesabu kwa sauti huku anakula ndizi. Baada ya miezi minne nilikuwa nimefika kwenye tofali moja. Paja lilianza kuwa na umbo. Barabarani goti halikutoka tena. Lakini chooni niliendelea kwenda na kiti. Dada wa mazoezi aliniuliza mara mbili, nikamdanganya mara mbili. Kushuka juu ya tofali, mlangoni kwangu, kwenye sakafu niliyoipiga deki, ni jambo moja. Kushuka juu ya shimo, huku nikijua kule chini kuna nini, ni lingine. Goti lilikuwa limepona kuliko mimi.

Mwezi wa nane dada yangu mdogo akanipigia simu. Yeye hajaolewa, na alikuwa amepata chumba Mwiki mwaka huo. "Dada, kuja. Mathe ako hapa."

Nilidhani mtu amekufa. Nilifika na kumkuta mama ameketi kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha, kilemba kimepauka, na miguuni pake jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Nikamsalimia. Akaitikia. Dada yangu akatuletea chai, akatoka nje kuanika nguo. Nilikunywa vikombe viwili kwa sababu sikujua la kusema.

Mama aliongea kwa lugha yetu, nami ninaandika kama ninavyoweza. Alisema, "Nimekuja kwako na jogoo. Nimefikiri miaka hii yote nikashindwa kuliona kosa langu, sasa nimekuja uniambie mwenyewe. Nilikukosea nini?"

Kwetu mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu, na mzazi hamwendei mtoto. Alikuwa amesafiri siku nzima na jogoo mapajani, mwanamke wa miaka sabini na mitatu, kuja kuniomba msamaha mimi. Nilijichukia pale kuliko nilivyowahi kuchukia choo chochote. Nikasema hakunikosea. Akasema basi ni nani aliyemsengenya kwangu. Nikasema hakuna. Akamtazama jogoo, na nikaona anaanza kuamini kwamba kosa ni kubwa hata halitajiki.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, goti lilivyotoka, mkono ulivyoingia, mchanga, upupu, lile tonge la ugali. Nilimwambia habari za kiti. Niliongea nikitazama sakafu, na nilipofika kwenye kiwiko niliona aibu kama mtoto aliyejinyea.

Mama akasema, "Choo."

"Ndiyo, mama."

"Miaka sita. Mimi nalala nikiwaza nimemlaani mwanangu bila kujua, na ni choo."

Nilidhani atacheka, au atanipiga. Akainuka akafunga leso yake vizuri kiunoni. "Umekunywa chai vikombe viwili," akasema. "Twende."

Choo cha ploti ya dada yangu ni kibaya kuliko chetu. Mlango wa bati hauna komeo. Sakafu ilikuwa imelowa, na mtu alikuwa amekosa shimo na kuondoka na amani yake. Nzi wa kijani. Gazeti lililotumika limekwama pembeni. Nilisimama mlangoni, nikamwambia mama siwezi, tutafute pengine. Alinisukuma ndani taratibu, nikageuka kumtazama. Yeye akabaki amesimama mlangoni, mlango wazi, na nyuma yake dada yangu akatandaza leso kuwaziba wapangaji. Mama akaninyooshea mikono yote miwili.

"Shika. Shuka."

Nikapanga nyayo. Nikashika. Viganja vyake vilikuwa vigumu na vikavu. Nikashuka kama nilivyofundishwa, uzito nyuma, goti lisipite mbele wala kugeuka, kwenye kimo cha kitanda, cha kigoda, cha mtungi. Pale pa tofali nikasimama, paja likitetemeka. Harufu ilikuwa imepanda na kunizunguka usoni.

"Goti linaniambia litatoka," nikasema.

"Likitoka utaniangukia mimi. Shuka."

Nikashuka. Goti lilisaga, likauma, likakaa mahali pake. Nilikuwa nimechuchumaa, mwanamke wa miaka arobaini na minne, nikining'inia kwenye mikono ya mama yangu kama alivyonishika nikiwa sijaanza kusema. Hakukunja pua. Aligeuza uso akatazama ukuta ili nisione haya, wala hakuharakisha. Kinyaa changu kilikuwepo, chote, hakijaenda popote. Nilikuwa nikipumua kwa mdomo.

"Desemba utakuja?" akauliza, macho bado ukutani.

Nikiwa palepale chini, juu ya uchafu wa watu nisiowajua, nikamwambia nitakuja, ila asiniachie kwanza.